Mama Midomo Alivyomsoma Waziri

Nikisikia mtu anasema shangazi yangu aliitwa Mama Midomo kwa sababu ya umbeya, damu inanichemka. Shangazi alikuwa mfumaji katika kiwanda cha mablanketi kwa miaka ishirini na sita, na jina hilo alilitolea jasho.

Ukumbi wa ufumaji ulikuwa na mashine mia moja na ishirini, na zikinguruma zote kwa pamoja, hata ukimfokea mtu sikioni atahisi upepo tu. Kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo, bila sauti. Walilitamka kila neno taratibu, kwa mdomo mpana, na aliye upande wa pili wa ukumbi akasoma. Humo humo katika kelele watu walipiga soga kutwa nzima: mtoto wa nani ana homa, nani kaposwa, msimamizi gani leo kaamka na kisirani. Meneja aliyekuwa akiwachungulia kutoka ofisini kwake alidhani wanatafuna kitu, na mara moja alitoa tangazo la kukataza kutafuna kazini. Wakalisoma tangazo, wakalijadili kwa midomo mbele yake.

Shangazi aliwashinda wote. Aliweza kumsoma mtu aliye mbali mistari sita ya mashine, hata akiwa amempa ubavu. Nyumbani tabia hiyo haikumwacha. Ukimwona jikoni anachezesha midomo bila sauti, jua umetukanwa, na ushukuru kwamba hujui kusoma. Marehemu mumewe alikuwa akisema ndoa yao ilidumu kwa sababu nusu ya matusi hakuyasikia.

Mimi alinilea tangu nikiwa na miaka saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda, iliyopakwa rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka mashine. Alirudi kutoka kazini na manyoya ya sufu kwenye nywele na nyusi, nami nilikuwa nayatoa moja moja huku yeye kasinzia kwenye kiti. Kwa manyoya hayo nilisoma mpaka nikawa mwalimu. Kwa hiyo nikiongea kwa hasira mniwie radhi, na msiponiwia radhi pia sawa.

Katika ukumbi huo huo alikuja kijana mmoja kuanza kazi, na shangazi akapewa amfundishe. Mikono yake ilikuwa myepesi lakini mdomo wake ulikuwa mzito. Wafumaji wanajua kwamba ukitamka bila sauti, P na M zinafanana kama pacha, na ili kuzitofautisha lazima utunishe mashavu kidogo. Yeye hakujua. Siku ya tatu alitaka kuomba pamba ya kufutia mashine, ukumbi mzima ukasoma anaomba mamba. Mwaka mzima aliitwa Mamba. Shangazi alimkalisha wakati wa mapumziko, wakitazamana ana kwa ana kama watu wanaochumbiana, akamrudisha shule ya mdomo mpaka akaweza.

Baadaye aliitwa Katibu, maana alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi. Ulikuwa wakati wa serikali ile ya zamani, ya mkubwa mmoja na bunduki nyingi, na mikutano ya wafanyakazi ilikuwa imepigwa marufuku. Basi mikutano ilifanyika ukumbini, mchana kweupe, mashine zikiunguruma. Mgomo mkubwa ulipangwa huku askari wawili wamesimama mlangoni na bunduki zao, wasisikie hata herufi moja. Katibu alifungwa miezi kumi na mmoja kwa ajili ya mgomo ule. Aliyempelekea chakula gerezani ni shangazi, na makaratasi yaliyodai afunguliwe yalitoka kiwandani yakiwa yamevingirishwa ndani ya mablanketi, na aliyeyavingirisha ni yeye.

Ndipo serikali ile ikaanguka. Tulipiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, na siku hiyo mashine zilizimwa ili watu wakapange foleni. Katibu alichaguliwa kuwa mbunge wetu, akateuliwa kuwa Waziri wa Biashara. Shangazi alilia kwa furaha. Mtu wetu, mfumaji, anakwenda kukaa kwenye meza ambayo bei ya blanketi inapangwa! Nani angeomba zaidi ya hapo?

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mablanketi ya kutoka nje yalikuwa yanatozwa ushuru mkubwa mpakani, na ushuru huo ndio ulikuwa ukuta wa kiwanda chetu. Serikali mpya ikatangaza kwamba itauondoa ndani ya miaka minne, kidogo kidogo, ili nchi iingie kwenye soko la dunia. Mwaka wa pili tu mablanketi ya nje yakajaa kila kona. Membamba, ya rangi za kung'aa, na bei yake ilikuwa chini ya bei ya sufu tuliyonunua sisi kufumia. Ukilifua mara mbili linakuwa tambara la kupigia deki. Lakini mwenye watoto watano na mfuko mtupu hasubiri ufuaji wa pili, na simlaumu.

Wakaja wataalamu wawili waliovaa tai, wakakaa wiki moja, wakaandika kwamba kiwanda kina watu wengi mno na lazima wapunguzwe. "Wapunguzwe?" shangazi aliuliza. "Sisi nywele?" Walipunguzwa mia mbili kwa mkupuo mmoja, halafu mia nyingine. Mwaka wa tatu ulipokuwa unakaribia kwisha zilibaki mashine arobaini zinazofanya kazi, na barua ikabandikwa getini kwamba kiwanda kitafungwa baada ya miezi miwili.

Kila tulipolalamika tulipewa jibu lile lile redioni, kwa sauti ya Katibu mwenyewe: mikono yetu imefungwa, dunia imetulazimisha. Tuliamini. Shangazi aliamini kuliko wote. Wafumaji wenzake walipoanza kumsema vibaya aliwakalia kooni. "Mwacheni Katibu," alisema. "Mnataka apigane na dunia nzima peke yake?"

Wafanyakazi waliobaki wakaamua kutuma watu kwake, wakamwombe atusemee huko nje, ushuru upunguzwe polepole zaidi. Walimchagua shangazi, kwa kuwa ndiye mwalimu wake. Walimchagua pia fundi wa mitambo ambaye kila mtu alimwita Spana, mtu wa mwili mkubwa na moyo laini kama maandazi. Mimi nilikwenda kwa sababu barua niliiandika mimi. Shangazi alisema, "Kusoma karatasi ni kazi yako, kusoma watu niachie mimi."

Tulifika wizarani tarehe kumi na tisa. Tulikaa kwenye kiti kirefu cha ngozi mpaka miguu ikafa ganzi, tukaingizwa saa saba. Ofisi ilikuwa kubwa kama darasa langu, yenye zulia, na upande mmoja kulikuwa na chumba kidogo cha vioo ambamo viongozi wanaingia kuzungumza mambo yao. Katibu alimkumbatia shangazi kwa nguvu. Alimwuliza habari za nyumbani kwa majina ya kila mtu, akaagiza chai na mkate, akamwita Dada. Spana alikuwa ameshalainika, anatabasamu tu.

Alisoma barua yangu yote. Nilimtazama akisoma, na nitasema haki, uso wake ulikuwa na huzuni.

"Dada," alisema, "mimi na wewe tumekula pamoja. Siwezi kukudanganya. Jambo hili liko nje ya uwezo wangu. Wakubwa wa dunia wametukaba."

Kabla shangazi hajajibu, aliingia mkurugenzi wake na faili, akamnong'oneza. Katibu akaomba dakika mbili. Wakaingia wote wawili kwenye chumba cha vioo, wakafunga mlango. Vioo vilikuwa vinene, hata mlio wa kiti hatukuusikia. Mkurugenzi alitupa kisogo. Katibu alisimama akitutazama.

Kikombe cha shangazi kilikuwa nusu ya safari kwenda mdomoni. Kikasimama hapo hapo.

"Andika," aliniambia bila kugeuka.

"Niandike nini?"

"Andika, mwanangu!"

Nilitoa daftari la maandalio ya masomo. Shangazi akaanza kunitajia kwa sauti ya chini, neno moja moja, kama ninavyowasomea watoto imla. Hawa ni watu wangu. Nitawaambiaje kwamba tulipewa miaka kumi. Hapo alinyamaza kidogo, maana mkurugenzi alikuwa anajibu na hatukuuona mdomo wake. Halafu akaendelea. Kumi. Sisi wenyewe tukasema minne inatosha. Hakuna aliyetuomba. Akanyamaza tena. Najua. Najua barua ya kurudisha ile miaka inapokelewa mpaka mwisho wa mwezi huu. Lakini tukiomba tena tutaonekanaje?

"Kuna nini?" Spana aliuliza. Yeye alifanya kazi chumba cha boila, mbali na ukumbi, na hakujua kusoma midomo. "Jamani, kuna nini?"

Niliikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi. Miaka kumi! Wale tuliokuwa tukiwalaani kila jioni mbele ya redio, hao waliotukaba, walikuwa wametupa miaka kumi ya kujiandaa, na watu wetu wakaitupa sita kama ganda la ndizi.

Na huyu bwana alijifunza wapi kusema mbele ya watu bila kusikika? Alijifunza kwetu. Alisahau kwamba mbele yake amekaa aliyemfundisha. Wanasema mdomo uliponza kichwa, na hapo niliuona ukikiponza.

Alirudi akitabasamu, akakaa, akafumbata viganja. "Kama nilivyosema, Dada, mikono yetu..."

"Minne inatosha?" shangazi aliuliza.

Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yalihama.

"Unasemaje?"

"Hakuna aliyetuomba. Tukiomba tena tutaonekanaje. Niendelee?"

Katibu aliinua mkono akaufunika mdomo wake. Alikuwa amechelewa. Alikigeukia kile chumba cha vioo, akamtazama shangazi, na nikaona sasa amekumbuka kila kitu, mashine, kelele, pamba na mamba. Akamwomba Spana atoke nje kidogo. Aliponitazama mimi, shangazi akasema, "Huyu anabaki."

Akaanza kujieleza. Serikali yao ilikuwa na miezi minane tu madarakani, alisema, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa meza moja na wakubwa wa dunia kupanga mambo ya ushuru. Kila mgeni alikuwa anawatazama kuona kama wataweza. Wataalamu wakawaambia kwamba wakifungua mpaka haraka kuliko wenzao watasifiwa, na wawekezaji watamiminika.

"Tulitaka tuonekane watu wazima, Dada. Tulikuwa tumetoka kudharauliwa miaka yote ile."

"Na hao wawekezaji walikuja?"

Katibu aliikunja barua yetu, akaikunjua.

"Walikuja," shangazi alisema. "Walikuja na mablanketi."

Aliinama. Nilitamani kumrushia kikombe cha chai. Watu mia tatu wamerudi nyumbani wakidhani wameshindwa na dunia, wamejilaumu, wameuza vitanda vyao, na kumbe wametolewa kafara ili mtu fulani apigiwe makofi na wageni kwenye chumba chenye kiyoyozi! Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo hata kwa serikali ya bunduki, kwa sababu wale hatukuwachagua.

Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa mekundu. Akasema maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka neno kwa neno.

"Nimekukosea. Sema unataka nini, Dada. Sema chochote, nitafanya."

Shangazi alisimama. Alikuwa mfupi, na koti lake la heshima lilikuwa limechakaa viwikoni.

"Nataka uje kiwandani," alisema. "Usimame mbele ya wale watu, uwaambie ulichoniambia mimi. Kwa sauti."

Katibu alishusha pumzi. Wakati ule nilidhani ni aibu iliyomlemea. Akachukua kitabu chake cha miadi, akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Nitakuja," alisema. "Tarehe pili. Nakuahidi."

Nikaandika: tarehe pili. Niliandika kwenye ukurasa ule ule, mistari mitano tu chini ya mahali nilipoandika mwisho wa mwezi. Mimi mwalimu, ninayewachapa watoto kwa kutosoma swali mpaka mwisho, sikuona.

Wiki mbili zile tulijiandaa kama watu wanaopokea bwana harusi. Wafumaji walifagia ua, wakaosha madirisha ya ukumbi ambayo hayakuwa yameoshwa tangu enzi za meneja wa kutafuna, wakaazima viti shuleni kwangu. Waliopunguzwa nao waliitwa. Shangazi alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia: njooni mkasikie wenyewe. Alifurahi. Alisema mtu akiujua ukweli hata maumivu yake yanakaa vizuri. Mwezi ukaisha Jumanne. Siku ya Jumanne hiyo alikuwa anapiga pasi kitambaa cha meza ya mgeni rasmi.

Alhamisi Katibu alikuja kweli. Alikuja bila tai, mikono ya shati imekunjwa, akaomba kwanza aingie ukumbini aziguse mashine. Kisha akapanda kwenye jukwaa la mbao alilolitengeneza Spana, akasema yote. Kwamba tulipewa kumi. Kwamba wao wenyewe walichagua minne. Kwamba walitudanganya walipotuambia wamelazimishwa. Alisema, "Mimi ni mtoto wa ukumbi huu, nimewakosea mama zangu na dada zangu," na sauti ikakatika, akalia mbele ya watu wote.

Nikasema moyoni, sasa watampiga mawe, na Mungu anisamehe, nilitazama chini kuona kama kuna jiwe.

Mtu mmoja akapiga makofi. Akafuata wa pili. Halafu ua mzima ukalipuka. Wanawake walilia pamoja naye. "Huyu ndiye kiongozi!" mmoja alipiga kelele nyuma yangu. "Wangapi wanaokiri?" Spana alimwinua mabegani na kumzungusha uani, naye anapunga mkono, machozi hayajakauka. Mwingine alikimbia ghalani akamletea blanketi, moja kati ya yale mazito ya mwisho, akamfunika nalo mabega. Walimvika kilemba cha ukoka na wakalipia wao.

Shangazi alipenya katikati ya watu mpaka akamfikia.

"Katibu! Na barua?"

"Barua gani, Dada?"

"Ya kurudisha miaka. Umepeleka?"

Aliinama kutoka mabegani mwa Spana, akamshika mkono, akasema kwa upole kabisa, "Muda ulikwisha juzi, Dada. Sasa hivi haiwezekani tena."

Shangazi alifungua mdomo. Watu waliokuwa karibu wakamvuta nguo. "Mama Midomo, mwache mwenzio," walimwambia. "Mtu ameshaomba radhi. Unataka alie damu?"

Huyo mnayemwona mkweli alichagua tarehe yake kwa kalenda. Nitasema hivyo mpaka nife, na anayetaka kunishtaki anajua ninapofundisha. Alikuwa na siku kumi na moja za kuandika barua ya ukurasa mmoja, akazitumia kupanga machozi. Gazeti lilimpa jina la Waziri Mkweli. Kiwanda kilifungwa kama ilivyoandikwa getini, mashine zikauzwa kwa mizani kama vyuma chakavu, na uchaguzi ulipofika akashinda tena, na kura nyingi zaidi zilitoka kwenye mitaa yetu. Spana alimpigia kampeni. Mpaka leo ukimwuliza anasema, "Angalau hakutuficha."

Jioni ile ya Alhamisi nilimkuta shangazi amekaa kwenye ngazi ya jikoni. Ua wa kiwanda ulikuwa tupu, viti vya shule vimepangwa ukutani tayari kurudishwa. Alikuwa anachezesha midomo bila sauti, nami nikakaa pembeni yake nikisubiri yaishe. Yalichukua muda.

Nikatafuta la kumpoza. "Shangazi," nikasema, "ulitaka aseme, na amesema."

Alinigeukia, akanitazama kama vile mimi ndiye mwanafunzi mjinga kuliko wote aliowahi kufundisha. Kisha akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika:

"Aliniuliza nataka nini, mwanangu. Mtu mwenye kalamu mkononi, na siku kumi na moja mbele yake, aliniuliza mimi nataka nini. Nikamwomba maneno."